Ukuta wa Bamama Bainjenieri

Mvua ikianza kugonga mabati, mimi siwezi kukaa. Wajukuu wananicheka, wanasema Mukaka wao ana siafu ndani ya viatu. Mukaka ni bibi, kwa Kinande chetu. Wana haki ya kucheka. Ninainuka, ninachungulia dirishani, ninakaa, ninainuka tena, mwishowe ninachukua mwavuli wangu na kushuka mpaka kwenye chemchemi, kuangalia kama ukuta unatoa maji. Siku hizi ukitoa maji ninarudi na kunywa chai yangu. Kabla hatujaelewa, ukitoa maji tuliona haya.

Watu wote wa habari hii ninawajua kwa majina yao, na majina ya mama zao, na nani alimbatiza nani. Sitayaandika. Kwetu Butembo jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa, kwa hiyo kati ya wasichana wa habari hii, ukiita jina la binti wa kwanza, inaitika nusu ya nyumba. Majina hayatakusaidia. Nitakuambia kila mtu ni nani kwa kazi yake, na inatosha.

Wa kwanza ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu wa mwisho, anauza nguo kule Kasindi, mpakani, na mtoto alikulia kwangu. Alisoma ujenzi mpaka akamaliza. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sikujua alikuwa anasoma nini hasa, nilijua tu kwamba viatu vyake vilikuwa na simenti na kalamu zake zilikuwa nyingi. Sasa anafanya kazi Beni, mahali wanapojenga nyumba ya ghorofa, na mwisho wa juma anakuja kwangu barabara ikikubali. Barabara ya Beni na Butembo haikubali kila siku. Watu wa hapa hawahitaji niwaeleze.

Yeye na wenzake waliunda chama cha wanawake mainjinia wa Butembo na Beni. Sisi kwa Kiswahili chetu tunasema bamama bainjenieri. Hawakuwa na ofisi, basi wakachukua sebule yangu, Jumamosi baada ya saa sita. Mmoja ni wa barabara, mmoja ni wa mashamba, anatoka upande wa Mabalako na haji mikono mitupu, na mkubwa wao ni wa umeme, mwanamke mnene wa Beni ambaye sauti yake inafika uani kabla ya pikipiki yake. Wanabishana juu ya kokoto kama watu wengine wanavyobishana juu ya mahari. Wanakwenda kwenye shule za wasichana kuwaonyesha kwamba hesabu haiumi. Wanatembeleana kwenye kazi zao, huyu anakosoa ya yule, halafu wanakuja kwangu kula maharagi. Mimi nilikuwa napita katikati yao na sufuria, nikisikia maneno yanaruka juu ya kichwa changu, na nilipenda.

Siku moja mkubwa wao aliweka kikombe chini akasema, "Tunasema sana. Tujenge kitu kimoja kwa mikono yetu, batu baone."

Mjukuu wangu akaonyesha dirisha. Chini ya nyumba yangu kuna chemchemi ambako mtaa mzima unachota, na juu yake kuna mteremko wa udongo mwekundu. Kila masika ule udongo ulikuwa unateremka na kufunika bomba, na akina mama walikuwa wanachimba na majembe kabla ya kupata maji ya chai. Wakakubaliana: ukuta wa mawe, wa kushika ule udongo. Na kwa sababu yeye ndiye aliyeonyesha dirisha, wakampa yeye kazi ya kuongoza.

Chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, ni mzee wa umri wangu. Tulicheza pamoja tukiwa watoto, na tangu wakati ule anapenda kusema neno la mwisho. Alitoa watu wa salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi asubuhi. Akina mama walibeba mawe mgongoni, kamba kwenye paji la uso, kama tunavyobeba kila kitu. Chef alikuwa anasimama juu ya kilima, mikono nyuma, na kila alipomwona mjukuu wangu na uzi wake wa kupimia, wenye chuma kinachoning'inia, alimwita.

"Madame, injenieri atafika saa ngapi?"

"Alishafika, papa."

"Iko wapi?"

"Njo mimi."

"Ndiyo, ndiyo," anasema chef. "Lakini ye mwenyewe, bwana yako?"

"Papa, mimi sina bwana."

"Pole sana, mwana. Basi injenieri ni nani?"

Walirudia hivyo karibu kila Jumamosi, mpaka akina mama waliobeba mawe wakawa wanaitika pamoja naye, "Njo mimi," yaani ndiye mimi. Chef hakukasirika. Alidhani ni wimbo.

Lakini alisema jambo moja mbele ya watu wote, na jambo hilo lilininyima raha. Alisema: ukuta huu ukisimama masika nzima, wale bamama watapewa chemchemi nyingine mbili za mtaa na ngazi za shule. Ukianguka, ataita wanaume wa kutoka mbali, na tusimsumbue tena na mambo ya chama. Nilimwona mjukuu wangu akitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayebebeshwa gunia na anasikiliza shingo yake.

Ukuta ukaisha. Mzuri, mawe yamebanana, na chini yake vimetokeza vipande vya bomba, mstari mzima, vikichungulia kama macho. Sikuuliza ni vya nini. Nilidhani ni urembo.

Sasa ilibaki siku ya kuukabidhi ukuta na kuwafundisha watu namna ya kuutunza. Mkubwa wa chama alimpigia simu mzee wa kanisa letu, yule anayesoma matangazo. Alimwambia: "Bamama bainjenieri wanaalika kamati ya maji na wakubwa wa avenue, Jumamosi, kwenye source," ndiyo chemchemi yetu. Mtandao ulikuwa unakatika. Mzee akasikia bamama ba bainjenieri. Tofauti yake ni "ba" moja tu, lakini ukiongeza hiyo moja, mainjinia wenyewe wanageuka kuwa wake za mainjinia. Jumapili ile goti langu liliniuma, nilibaki nyumbani. Kwa hiyo mzee alisimama na kutangaza kwa furaha kwamba wake za mainjinia watakuja kutusalimia kwenye chemchemi, tuwapokee vizuri, na hakuna aliyemsahihisha.

Jumamosi walikuja watu wengi kuliko tulivyotegemea, na wote walikuwa wanawake. Kwaya nzima ya akina mama, kitenge kimoja, vikapu vya viazi na maharagi, na kuku mwekundu amefungwa miguu. Mbele yao jirani yangu, anayeongoza sauti ya kwanza, mwanamke wa moyo mkubwa na haraka kubwa. Kamati ya maji, wale wanaume wanne wanaosimamia chemchemi, haikuja, walisema mambo ya wake za watu wao hawaingilii. Chef alimtuma mke wake.

"Karibuni, bamama," jirani yangu alisema, akimkumbatia mkubwa wa chama. "Na mabwana, bako muzuri?"

"Wangu iko muzuri. Nilimuacha anafua."

"Anafua?" Jirani yangu aliangalia wenzake. "Injenieri muzima?"

"Hapana, ye ni mwalimu. Injenieri njo mimi."

Walicheka sana, wakamwambia anajua kutania. Mjukuu wangu alisimama mbele ya ukuta akaanza kueleza habari za yale macho, lakini kwaya ilikuwa imejiandaa, na nyimbo zao hazina mlango wa katikati. Zilipoisha, mvua ikaanza. Tulikimbia wote mpaka kwangu, tukala. Wakati wa kuondoka mjukuu wangu alinishika mikono. "Wiki ijayo nitarudi nizungumze na kamati, Mukaka. Bado hawajasikia kitu."

Wiki ile barabara haikukubali. Iliyofuata pia haikukubali.

Mvua za mwaka huu zilikuja kama watu wenye hasira. Asubuhi moja akina mama walikuta ukuta unatoa maji. Kila jicho lilikuwa linadondosha, mengine yanamwaga kabisa, na chini ya ukuta kumekuwa matope mepesi. Mtaani maneno yalitembea upesi kuliko yale maji. Kule juu, kwenye kibanda cha simu, vijana wa pikipiki walimwuliza jirani yangu, "Mama, ule ukuta yenu, balichanganya simenti na bugali?" Mwingine akasema, "Bamama balijenga kitunga, mayi inapita." Kitunga ni kikapu, na mayi ni maji. Na mimi nikitoka sokoni nilisikia mtu nyuma yangu akisema, si kwa sauti ya chini, kwamba ukuta wa mjukuu wa yule mama mzee unavuja.

Sikulala vizuri. Nilikuwa ninajibu watu kichwani, mmoja mmoja.

Jirani yangu na kwaya yake walikuwa wameshapika na wale wasichana wa chama, wameshacheka nao, kwa hiyo haya ilikuwa yao pia. Walifanya kile ambacho mama yeyote wa hapa angefanya akikuta sufuria ya mgeni wake inavuja mbele za watu. Walichukua udongo mgumu wa kusiriba nyumba, vipande vya kitenge kikuukuu na nyuzi za mgomba, wakaziba kila jicho. Wakalainisha na kiganja, vizuri, usingejua palikuwa na tundu. Kisha jirani yangu akaja kwangu, mikono bado myekundu.

"Mukaka, kaa kwa amani. Tulifunika haya ya mutoto."

Nikamwekea chai na kumshukuru, wasingya, wasingya sana. Aliondoka akiimba.

Lakini amani haikuja. Kila siku nilishuka kuangalia. Ukuta ulikuwa mkavu kama ukuta wa benki, watu wanausifu, na mimi narudi nyumbani na kushuka tena. Sikuwa na elimu ya kujua kitu, nilikuwa tu na hiyo roho yangu isiyokaa. Halafu mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika vizuri, na asubuhi ya nne wasichana waliokuwa wanachota walikuwa wanachekelea.

"Mukaka, muone. Ukuta iko na mimba."

Nilicheka kidogo pamoja nao. Kisha nikasogea pembeni, nikaangalia kwa ubavu. Nimezaa, nimepokea watoto wa wengine, tumbo ninalijua. Katikati ya ule ukuta palikuwa pamekuja mbele, kama mwanamke wa mwezi wa tano. Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nilipanda mpaka juu, karibu na kanisa, ambako simu inashika. Ilikataa. Ilikubali, ikakata. Nilikuwa ninazunguka pale kama kuku anayetaka kutaga, simu juu, mpaka nikasikia sauti yake.

"Mukaka, iko nini?"

"Ukuta iko na tumbo."

Nilisikia nyuma yake mashine ya kazi yao ya Beni inaunguruma. "Mayi inatoka mu matiyo?" Matiyo ni vile vipande vya bomba.

"Hata tone. Balifunga muzuri."

"Nani alifunga?"

"Bamama ya kwaya. Kwa sababu ya haya. Batu balikuwa banasema inavuja."

"Mukaka, yale matiyo njo njia ya mayi. Udongo ikikunywa mayi na mayi haina njia, itasukuma ukuta. Sikiliza muzuri. Mutu asisimame mbele. Batoto batoke, bidons za maji zibaki pale pale, musizikimbilie. Bafungue matiyo, waanze na ya pembeni, mutu asimame kando. Mimi nakuja."

"Barabara iko namna gani?"

"Nitaona."

"Usikuje. Niambie mimi, nitawaambia."

"Mukaka, njo kazi yangu."

Simu ikakata. Tangu hapo nilikuwa na hofu mbili, moja inanivuta chini kwa ukuta, nyingine inanivuta upande wa Beni, na miguu yangu ni hii hii.

Nilipofika chini nilipiga kelele watoto watoke. Jirani yangu alipoelewa alichofanya, alifunga kitenge kiunoni. Udongo ule ulikuwa umekauka kama tofali. Akina mama walijaribu mwiko wa kusongea bugali, ukavunjika. Nikawapa mwavuli wangu, wenye ncha ya chuma. Jirani yangu alisimama kando ya jicho la mwisho, akaanza kuchokoa.

Chef akafika. "Musiguse ule ukuta. Mungoje injenieri."

"Injenieri njo alitutuma," jirani yangu alisema bila kugeuka.

"Alikupigia simu? Ye mwenyewe, mwanaume?"

"Papa chef, sogea."

Hakusogea. Kitambaa kilitoka, na nyuma yake maji mekundu yaliruka kama mkojo wa ng'ombe, yakampiga chef suruali tangu magotini mpaka chini. Alijiangalia, akaangalia ule mkondo ambao haukwisha, akasema polepole, "Yote ile ilikuwa ndani?" Kisha akavua koti, akamwomba jirani yangu ule mwavuli.

Mjukuu wangu alifika kesho yake, nyuma ya pikipiki, matope mpaka kifuani, yeye na mkubwa wa chama. Sikuuliza walipitia wapi. Nilimshika mashavu, yalikuwa baridi. Hakutaka kukaa, alishuka moja kwa moja. Mtaa mzima ulikuwa pale. Akasimamisha uzi wake juu ya ukuta, chuma kikaning'inia, kikayumba, kikatulia.

"Ingali inasimama," chef alisema kwa upole ambao sikuuzoea. "Tumbo ni kidogo. Mimi mwenyewe niko na yangu."

Watu walicheka, walitaka mjukuu wangu acheke naye. Alikunja uzi. "Nitawaambia kesho," akasema.

Jikoni kwangu, mkubwa wa chama alishusha sauti yake ile kubwa. "Tukiibomoa, batasema ilianguka. Batasema ukuta ya banamuke. Source zile mbili, ngazi, yote inaenda. Na bale batoto ya shule tulibaambia waje kuangalia?"

Mjukuu wangu alikuwa ananimenyea viazi. Alikuwa anavimenya na kuvimenya, vinabaki kama karanga. "Na tukiiacha, ianguke siku mutoto anachota?"

"Inaweza isianguke."

"Inaweza. Sisi tutakuwa Beni, tunalala. Mukaka atakuwa hapa, anashuka kila mvua kuangalia."

Mkubwa wa chama aliniangalia. Mimi niliangalia sufuria. Niseme ukweli, nilitaka kusema wauache. Nilitaka yule mtoto asidharauliwe, na mdomo wangu ulikuwa tayari. Lakini hawakuwa wameniuliza, na viazi vilikuwa vinaisha.

"Basi tubomoe sisi wenyewe, mchana, batu banaona," mkubwa wa chama akasema mwishowe. "Na safari hii ile kamati isikie."

Kazi ya kuwaita wakaniachia mimi. Nilikwenda mpaka kwa mzee wa kanisa, nikakaa kwenye kiti chake.

"Mama, mimi nilitangaza sawa vile nilisikia," alisema kabla sijafungua kinywa.

"Najua. Sema sasa: bamama bainjenieri."

"Bamama ba bainjenieri."

Nikamwonyesha kidole kimoja. "Ba moja."

"Bamama... bainjenieri." Alifikiri. "Kumbe ni wao wenyewe?"

"Ni wao wenyewe."

"Na yule chef anajua?"

Jumapili goti liliniuma vilevile, lakini nilikwenda, nikakaa benchi la mbele. Mzee alisimama akaniangalia, akasema kwamba Jumamosi bamama bainjenieri watabomoa kipande cha ukuta na kukijenga upya, kamati ya maji yote ije, na si wake za mainjinia wanaosemwa, ni mainjinia wenyewe, kwa hiyo mabwana zao wabaki nyumbani wafue. Kanisa lilicheka mpaka mchungaji akainamisha kichwa juu ya Biblia yake.

Walikuja. Wakabomoa sehemu ya juu yote iliyotoa tumbo, jiwe kwa jiwe, mjukuu wangu juu na nyundo. Wale vijana wa pikipiki walikuja kuangalia aibu, nao wakapewa mawe ya kubeba. Kuna waliosema ukuta wa wanawake umeanguka, nilisikia, na bado wanasema huko sokoni. Siwezi kuziba kila mdomo. Kabla ya kujenga tena, mjukuu wangu aliita kamati na kwaya wakaribie, akaingiza kidole chake kwenye jicho moja.

"Huu ukuta hauzuii maji," alisema. "Unazuia udongo. Maji tunayaachia njia. Siku mtakapoona hakitoki kitu na mvua inanyesha, hapo ndipo mje kuniita."

Jirani yangu aliuliza kama anaweza kuyatungia wimbo maneno hayo, watoto wasisahau. Sasa wanauimba wakichota. Si mzuri sana, lakini unashika kichwani.

Chef hakusema kitu siku ile kuhusu zile chemchemi mbili. Alisema masika haijaisha. Ni kweli, haijaisha. Ninaandika hivi na bati langu linalia.

Juzi nilishuka na mwavuli wangu, ambao ncha yake ilipinda, nikamkuta chef pale kabla yangu, chini ya mwavuli wake mwenyewe, ameinama anaangalia macho moja moja. Tulisimama bila kusalimiana vizuri, kama watu waliokutana dukani kwa siri.

"Injenieri anakuja lini?" aliniuliza.

Nilikuwa tayari kumjibu vibaya. "Injenieri gani?"

"Mutoto wako. Kuko ile source ya chini, moja ya zile mbili, nataka aiangalie kabla udongo haijashuka."

Nikamwambia barabara ikikubali. Chef alikuwa ameona jicho moja linadondosha kwa uvivu kuliko mengine, na alikuwa ananyoosha mkono apewe mwavuli wangu.